Kiyoyozi juu ya trela: hesabu ya kufanya kabla ya kutoboa paa

MBARARA, Uganda – Trela za kulala na za ofisi, zile zinazovutwa na gari la 4x4 hadi mahali ambapo hakuna hoteli wala jengo la kukodi, sasa ni biashara kwa wasafirishaji kadhaa wa Afrika Mashariki. Anayekodi anaweza kuwa mwenye kampuni ya kupeleka watalii Ziwa Mburo, shirika linalotaka chumba cha kazi ndani ya makazi ya wakimbizi, au mkandarasi wa barabara anayelaza mafundi wake porini. Karibu wote huuliza swali lile lile: je, ndani kuna baridi?

Mwenye trela akilisikia mara ya tatu huanza kutafuta kiyoyozi cha kufunga juu ya paa. Makala haya yanaeleza jinsi mashine hiyo inavyofanya kazi, inavyofungwa, inavyokula umeme na inavyolipiwa mpakani. Mwisho tunapiga hesabu kuona kama fedha hiyo itarudi. Mfano wetu ni safari ya kutoka Mbarara hadi makazi ya Nakivale wilayani Isingiro, lakini hesabu hizo hizo zinamfaa pia anayekwenda Juba, Bunia au Lodwar.

Je, joto lenyewe lipo?

Mbarara iko juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Mchana joto huwa kati ya nyuzi 26 na 28 kwa siku nyingi, na usiku watu hujifunika blanketi. Nakivale iko chini kidogo, kandokando ya ziwa lenye jina hilo, katika nchi ya vilima vikavu na miti michache. Makazi hayo yalifunguliwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Wanaishi humo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengine, na masoko yake yanapokea mizigo kutoka Mbarara na Kampala kila siku. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawapa wakimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea, kwa hiyo biashara ndani ya Nakivale ni biashara kama nyingine.

Kwa hali hiyo, joto la hewa peke yake halimlazimishi mtu kununua kiyoyozi, kwani hapa si Mombasa wala Juba. Tatizo ni trela yenyewe. Sanduku la bati au aluminiamu lenye rangi ya kijivu, likisimama juani tangu asubuhi, hupata joto kubwa kuliko la nje. Ndani mkiwa na watu wanne, kompyuta mbili na jokofu dogo, ifikapo saa saba mchana kazi inasimama.

Ndiyo maana hatua ya kwanza haihitaji mashine yoyote. Paka paa rangi nyeupe. Weka sponji au foronya ngumu ya kuzuia joto, ya milimita 25 au zaidi, kati ya bati la nje na mbao za ndani. Tandaza turubai la kivuli juu ya trela, ukiacha nafasi ya hewa kupita kati yake na paa. Weka feni ya paa inayovuta hewa moto na kuitoa nje. Feni ya volti 12 inatumia umeme mdogo na betri ya kawaida inaimudu siku nzima.

Kwa trela inayozunguka Mbarara, Isingiro na Kabale tu, mambo hayo manne mara nyingi yanatosha. Kiyoyozi kinakuwa na maana pale trela inaposhuka mara kwa mara hadi pwani, kaskazini mwa Uganda, Sudan Kusini au Turkana, au pale mteja anapokuwa na vifaa visivyovumilia joto na yuko tayari kulipia.

Hapa kuna tahadhari mbili kwa wanaokodisha trela za afya. Kwanza, kiyoyozi si jokofu. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na kiyoyozi hakiwezi kushusha chumba hadi hapo. Kinachoweza ni kusaidia dawa za kawaida ambazo kopo lake limeandikwa zitunzwe chini ya nyuzi 25 au 30. Pili, kiyoyozi cha paa huzungusha hewa ile ile ya ndani na hakiingizi hewa mpya ya kutosha. Chumba cha kupokea wagonjwa wa kikohozi kinahitaji madirisha wazi, hata kama mteja amelipia baridi.

Aina za mashine

Sokoni kuna aina mbili kubwa.

Ya kwanza ni kiyoyozi cha paa cha umeme wa kawaida, volti 230. Sehemu zote, yaani kompresa, feni na mabomba ya gesi, ziko ndani ya boksi moja linalokaa juu ya paa. Chini yake, ndani ya chumba, kuna kifuniko chenye matundu ya kutoa baridi. Nguvu yake hutajwa kwa BTU. BTU 9,000 ni kama kilowati 2.6 za kupoza, na BTU 13,500 ni kama kilowati 4. Trela ya urefu wa mita nne hadi tano, iliyozuiwa joto vizuri, inatosheka na BTU 9,000 au 10,000. Anayenunua 13,500 kwa chumba kidogo analipia umeme ambao haumpi faida. Isitoshe, mashine kubwa kupita kiasi huwaka na kuzima kila mara bila kukausha unyevu.

Ya pili ni mashine ya volti 12 au 24, jamaa ya zile ambazo madereva wa malori huweka juu ya kabini ili walale injini ikiwa imezimwa. Inatumia betri moja kwa moja bila inveta. Uwezo wake ni mdogo na umetengenezwa kwa kabini ya watu wawili. Kwa trela ya kulala ya watu wawili inaweza kutosha usiku. Kwa ofisi yenye mlango unaofunguliwa kila dakika, haitoshi.

Volti 230 na hezi 50

Fedha nyingi hupotea hapa. Viyoyozi vingi vya paa vinavyoonekana kwenye mtandao wa intaneti kwa bei nzuri vimetengenezwa kwa soko la Marekani: volti 115, hezi 60. Umeme wa Uganda, Kenya na Tanzania ni volti 230 hadi 240, hezi 50. Ukichomeka mashine ya Marekani moja kwa moja, inaungua.

Wapo watakaokushauri ununue transfoma ya kushusha volti. Transfoma inarekebisha volti lakini haigusi hezi. Mota iliyotengenezwa kwa hezi 60, ikipewa hezi 50, huzunguka polepole kwa karibu moja ya sita, hupata moto zaidi na maisha yake hupungua. Soma kibandiko kilicho ubavuni mwa mashine kabla ya kulipa. Kama hakikuandikwa 220-240V na 50Hz, iache. Mashine za soko la Ulaya na Australia kwa kawaida zinafaa huku kwetu.

Angalia pia jina la gesi. R-22 inaondolewa sokoni chini ya Mkataba wa Montreal, na kupata gesi ya kujazia kutakuwa shida na gharama. Mashine mpya nyingi hutumia R-410A au R-32. Hata hizo zinaguswa na makubaliano yaliyofikiwa Kigali mwezi Oktoba 2016 ya kupunguza gesi za aina hiyo hatua kwa hatua. Kwa mwenye trela maana yake ni rahisi: kabla ya kununua, hakikisha fundi wa gesi wa Mbarara au Kampala anaijua gesi hiyo na anayo.

Jenereta: mwinuko unakula nguvu

Kiyoyozi cha BTU 9,000 hadi 10,000 huvuta kama wati 900 hadi 1,200 kikiwa kinazunguka. Lakini sekunde ile kompresa ya kawaida inapoanza, huvuta mara tatu hadi sita ya kiasi hicho. Ndiyo sababu jenereta inayoonekana kutosha huzimika kila thermostati inapowasha kompresa. Tiba zipo mbili: nunua mashine yenye kompresa ya inveta, ambayo huanza taratibu, au funga kifaa cha kupunguza mshtuko wa kuwasha.

Jambo la pili linasahauliwa sana na watu wa nyanda za juu. Injini ya petroli hupoteza nguvu kadiri unavyopanda kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Kanuni inayotumika ni asilimia 3.5 kwa kila mita 300. Kwa Mbarara na Nakivale hasara ni kama asilimia 15. Jenereta iliyoandikwa wati 2,000 inakupa kama 1,700. Ukipanda Kabale, karibu mita 2,000, hasara inapita asilimia 20, na unabaki na chini ya 1,600. Toa wati za jokofu, taa na kompyuta, kisha uone kinachobaki kwa kiyoyozi. Kwa hiyo, kwa kiyoyozi cha wati 1,200 bila kifaa cha kuwashia, usinunue jenereta chini ya wati 3,000. Ukiwa nacho, au ukiwa na kompresa ya inveta, 2,000 hadi 2,500 zinaweza kutosha.

Betri na sola

Wateja wengi huuliza kwa nini kiyoyozi kisitumie sola, kwani jua la Isingiro ni bure. Tufanye hesabu.

Betri moja ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 100 ina kama wati-saa 1,280. Kiyoyozi kinachovuta wati 1,000, ukiongeza hasara ya inveta ya asilimia 10, kinakula zaidi ya wati-saa 1,100 kila saa. Betri moja inakupa kama saa moja na dakika chache za kazi mfululizo. Kwa usiku wa saa nane, hata kompresa ikipumzika nusu ya muda, unahitaji betri nne. Betri za kawaida za asidi ni mbaya zaidi, maana hazifai kutumiwa zaidi ya nusu ya uwezo wake. Zingehitajika kama nane, na uzito wake ungeizamisha springi ya trela.

Sasa sola. Paneli za wati 400, kwa jua kali la saa tano kwa siku, baada ya kutoa hasara ya vumbi, joto na waya, hutoa kama wati-saa 1,500. Hiyo ni saa moja na theluthi ya kiyoyozi. Paa la trela ya mita nne, likishabeba kiyoyozi na feni, halina nafasi ya zaidi ya paneli mbili au tatu.

Sola basi inafaa kwa taa, simu, feni na jokofu dogo. Kwa kiyoyozi, tegemea jenereta, au umeme wa gridi pale trela inapoegeshwa mjini. Ukiunganisha kwenye gridi weka kifaa cha kulinda volti, kwa kuwa umeme ukikatika na kurudi ghafla kompresa ndiyo huumia kwanza.

Paa na uzito

Kiyoyozi cha paa kina uzito wa kilo 30 hadi 50. Kwa lori ni kitu kidogo, lakini kwa trela ya kulala uzito huo uko mahali pabaya kuliko pote, yaani juu kabisa. Kwenye barabara ya murram yenye mikunjo kama ubao wa kufulia, kilo 40 juu ya paa hupiga fremu maelfu ya mara kwa saa. Paa la bati jembamba lisiloimarishwa hupasuka kuzunguka bolti, maji yanaingia, mbao zinaoza. Ukija kugundua, paa zima linahitaji kubadilishwa.

Kwa hiyo, kabla ya kununua pima mambo manne:

1. Uzito unaoruhusiwa wa trela, uzito wake ikiwa tupu, na uzito wa vyote unavyopakia: maji, gesi ya kupikia, betri, jenereta. Kinachobaki ndicho unachoweza kuongeza. Mizani ya mizigo yoyote ya mjini itakupa jibu la kweli kuliko karatasi za trela.

2. Urefu wa trela kutoka ardhini baada ya kuongeza kiyoyozi, ambacho huwa na kimo cha sentimita 20 hadi 35. Andika namba hiyo kwa rangi ndani ya kabini mbele ya dereva. Matawi, milango ya maghala na mapaa ya vituo vya mafuta havisamehi.

3. Unene wa paa. Mashine nyingi hushika paa la unene fulani tu, na bolti ndefu au fupi mno ni tatizo.

4. Mahali fremu inapopita. Mashine ikae juu ya mihimili miwili, si juu ya bati tupu.

Jinsi ya kufunga

Tundu la kawaida la viyoyozi vya Marekani, ambalo hata baadhi ya mashine za kwingineko hulifuata, ni mraba wa inchi 14 kwa 14, yaani kama sentimita 35.6 kila upande. Mashine za Ulaya nyingine hutumia sentimita 40 kwa 40. Kama trela ina tundu la feni la ukubwa huo, nusu ya kazi imekwisha, lakini feni itabidi ihamie pengine.

Kazi yenyewe huenda hivi. Toa umeme wote kwenye trela, pamoja na betri. Ndani ya paa tafuta nyaya zinakopita kabla ya kukata. Chora mraba, toboa tundu dogo kila pembe, kisha kata kwa msumeno wa umeme wenye meno laini. Ukiwa umeshakata, jenga fremu ya mbao ngumu au ya aluminiamu kuzunguka tundu lote, kati ya bati la juu na dari ya ndani. Bila fremu hiyo, kukaza bolti kutaibana dari na kuifanya ibonyee. Ziba kingo zote za mbao ili unyevu usiingie.

Safisha paa juu, kavu kabisa. Inueni mashine watu wawili au watatu, muiweke bila kuiburuza. Ukiiburuza, mpira wa chini unaoitwa gasketi hukatika. Upande wa mbele wa mashine uelekee mbele ya trela, isipokuwa kama kitabu chake kimesema vinginevyo. Kisha kaza bolti nne kutoka ndani, kwa zamu ya msalaba, kidogo kidogo. Lengo ni gasketi ya inchi moja ibanwe hadi kama nusu inchi. Ikibanwa kidogo inavuja; ikibanwa kupita kiasi inakufa na bado inavuja.

Mafundi wengi huongeza silikoni chini ya gasketi kwa kudhani wanasaidia. Watengenezaji wengi wanakataza. Gasketi imetengenezwa izibe kwa kubanwa, na gundi huzuia kuikaza tena baadaye, kazi ambayo trela ya barabara mbaya lazima ifanyiwe.

Kwa waya, mashine ya volti 230 ya wati 1,200 huvuta ampea tano na kitu. Waya wa milimita za mraba 2.5 unatosha, ukiwa na breka yake pekee ya ampea 16 na kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampea 30. Chasisi ya trela iunganishwe na waya wa ardhi. Usikubali kiyoyozi kiunganishwe kwenye soketi ile ile ya jiko au birika.

Mashine ya volti 12 ni tofauti kabisa. Ikivuta wati 600, hiyo ni ampea 50, na waya mwembamba unakuwa jiko. Tumia waya mnene, mfupi, wenye fyuzi karibu na betri.

Jaribu mashine kwa saa moja kabla ya kuondoka. Maji yanayodondoka kutoka kwenye mashine na kutiririka juu ya paa ni ya kawaida. Ni jasho la hewa. Maji yanayodondoka ndani si ya kawaida. Mwagia paa ndoo mbili za maji, uangalie dari.

Barabara ya vumbi

Ukiacha lami ya barabara ya Mbarara kwenda Kikagati na kuingia murram ya kuelekea Nakivale, mambo mawili hubadilika: mtikisiko na vumbi. Kwa mtikisiko, kaza bolti tena baada ya kilomita 200 za kwanza, halafu kila baada ya safari ndefu. Punguza upepo wa matairi kidogo kwenye murram na urudishe ukifika lami. Usiendeshe trela kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, isipokuwa kama mtengenezaji ameruhusu.

Kwa vumbi, osha chujio la ndani kila wiki mbili, na wakati wa kiangazi kila wiki. Fungua kifuniko cha juu mara moja kwa msimu, upulize vumbi kutoka ndani kwenda nje kwa hewa ya mgandamizo mdogo. Mashine iliyoziba vumbi huvuta umeme mwingi, hutoa baridi kidogo, na mwisho kompresa inakufa. Feni ya paa izimwe na kufungwa wakati gari linatembea, kwani itavuta vumbi lote la barabarani.

Moshi unaoua

Jambo hili linahusu uhai wa dereva na mteja. Jenereta ya petroli hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu aliyelala hasikii chochote. Hupumua, kichwa kinamuuma usingizini, na asubuhi haamki. Kiyoyozi huongeza hatari kwa sababu kinamfanya mtu afunge madirisha yote na kuacha jenereta ikiwaka usiku kucha.

Weka jenereta angalau mita sita kutoka kwenye trela, upande ambao upepo unatoka kwenye trela kuelekea jenereta, bomba la moshi likitazama mbali. Usiiweke chini ya trela, wala kwenye boksi la mbele, wala chini ya turubai. Angalia pia trela ya jirani: kwenye kambi moshi wa mwenzako unaweza kuwa kifo chako. Nunua kengele ya kaboni monoksaidi na uifunge karibu na kitanda. Bei yake ni ndogo kuliko mtungi wa gesi ya kupikia. Anayekodisha trela yenye kiyoyozi bila kengele hiyo anabeba dhima kubwa kuliko faida yake.

Mpakani

Viyoyozi viko chini ya kifungu cha 84.15 cha orodha ya forodha inayotumiwa duniani kote, na trela ziko chini ya 87.16. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza kazi Januari 2005, na tangu Julai 2022 ushuru wa pamoja kwa bidhaa za nje una ngazi za asilimia 0, 10, 25 na 35. Wakala wako akuonyeshe kwa maandishi bidhaa yako iko ngazi gani kabla haijaondoka bandarini.

Tuchukue mfano tu: mashine iliyofika na bima na usafiri kwa thamani ya shilingi 4,000,000 za Uganda, na ushuru wa asilimia 25. Ushuru ni 1,000,000. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 juu ya 5,000,000 ni 900,000. Kodi ya zuio ya asilimia 6 juu ya 4,000,000 ni 240,000. Jumla 6,140,000, kabla ya tozo ndogo kama ile ya miundombinu na malipo ya wakala. Aliyesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani anaweza kudai ile 900,000, na kodi ya zuio hupunguzwa kwenye kodi yake ya mapato. Kwake gharama halisi ni karibu 5,000,000. Asiyesajiliwa hana pa kuidai ile 900,000.

Kosa la kawaida ni kudhani kuwa mashine iliyonunuliwa Nairobi au Dar es Salaam haina ushuru kwa sababu imetoka nchi mwanachama. Kinachoangaliwa ni mahali ilipotengenezwa, si mahali ulipoinunua. Cheti cha asili hakiwezi kuifanya mashine ya kutoka China kuwa ya Kenya. Utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, wa mizigo isiyozidi dola 2,000, nao ni kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa.

Kwa trela inayovuka mpaka na kurudi, iwe Mutukula, Kikagati na Murongo au Mirama Hills na Kagitumba, beba risiti ya kiyoyozi na hakikisha kimeandikwa kwenye karatasi za trela. Bima ya Yellow Card ya COMESA inafidia mtu wa tatu na gharama za matibabu za dereva na abiria, si uharibifu wa trela yako. Mwambie wakala wa bima kwa maandishi kuwa umeongeza mashine na umetoboa paa, vinginevyo siku ya ajali ataambia trela si ile aliyoikatia.

Je, inalipa?

Tumalizie na hesabu, nayo ni ya mfano. Weka bei zako. Kiyoyozi 5,000,000, jenereta 2,500,000, kufunga na kuimarisha paa 1,000,000. Jumla shilingi 8,500,000. Tuseme kiyoyozi kinakuwezesha kuongeza kodi ya trela kwa 60,000 kwa siku. Uchakavu wa mashine ni 5,000 kwa siku.

Kama mafuta ni juu yako: jenereta kwa saa nane, lita 0.8 kwa saa, petroli tuseme 5,000 kwa lita, ni 32,000. Kinachobaki ni 23,000. Fedha inarudi baada ya siku 370 za kukodishwa. Trela ikikodishwa siku 10 kwa mwezi, hiyo ni miaka mitatu na zaidi.

Kama mkataba unasema mafuta ni ya mteja: kinachobaki ni 55,000, na fedha inarudi baada ya siku 155, yaani miezi 15 hadi 16.

Feni ya paa na kizuia joto, tuseme 600,000 kwa pamoja, zikikuongezea 15,000 tu kwa siku, zinajilipa kwa siku 40.

Kwa hiyo sentensi moja kwenye mkataba, ile ya nani ananunua petroli, ina uzito kuliko jina la kampuni iliyotengeneza kiyoyozi. Anayebaki Mbarara na Nakivale aanze na rangi nyeupe, kizuia joto na feni, apime msimu mmoja wa kiangazi. Anayeshuka Juba au pwani afunge kiyoyozi, lakini baada ya kusoma kibandiko cha volti, kuimarisha paa, kununua kengele ya moshi na kuweka mafuta kwenye mkataba.